Fundi, Pima Joto la Kisu Chako

Ndugu msomaji, chukua panga lako ulitazame. Tazama makali yake. Je, yana mapengo? Je, yamejikunja upande mmoja? Au labda hulinalo tena, kwa sababu ulipiga tawi la mkorosho mara moja tu, likakatika vipande viwili, na kipande kimoja kikaruka karibu na uso wako?

Huku kwetu Mtwara kazi nyingi zinategemea makali. Mkulima anapogoa mikorosho na kufyeka shamba. Wale wa bonde la Mto Ruvuma wanavuna mpunga. Mvuvi wa Msimbati anapasua samaki. Mchongaji wa Kimakonde anachonga mpingo, mti mgumu na mzito ambao ukitupwa majini unazama. Watu hawa wote wanaenda kwa fundi mhunzi. Zana ikiharibika, wanarudi kwake kulalamika. Labda wewe mwenyewe umewahi kusikia maneno kama haya:

"Shikamoo, mjomba. Panga ulilonitengenezea limekatika."

"Marahaba. Ulikata nini, mpwa wangu?"

"Tawi la mkorosho tu, mjomba."

"Basi chuma kile kilikuwa kibaya."

Inawezekana kweli chuma kilikuwa kibaya. Lakini mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa ni joto. Chuma kilipata moto mwingi mno, au moto mdogo mno, na fundi hakujua kwa sababu alipima kwa jicho peke yake. Makala hii inaeleza jinsi ya kupima joto hilo kwa vitu vilivyomo kijijini: sumaku, chumvi, sukari, mchanga na rangi ya chuma chenyewe. Kama wewe si fundi, isome, kisha msomee fundi wa kijiji chenu.

KWANZA UJUE CHUMA CHENYEWE

Si kila chuma kinakubali kukazwa. Nondo za kawaida za kujengea na mabati hayafai kwa kisu. Hata ukiyapasha moto na kuyatia maji, makali yake yatabaki laini. Springi ya gari inafaa sana kwa panga na shoka. Tupa kuukuu inafaa kwa kisu na patasi.

Kama hujui chuma ulicho nacho, kata kipande kidogo. Kipashe moto mpaka kiwe chekundu, kitie majini, halafu kifunge ndani ya kitambaa kizito na ukipige nyundo. Kikivunjika kama chupa, hicho ni chuma cha kisu. Kikijikunja tu, tafuta kingine. Kitambaa ni cha lazima, maana kipande kikiruka kinaweza kukutoboa jicho.

Usiweke motoni chuma chenye rangi nyeupe ya bati, kama bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wake ni sumu. Utakuletea homa na kifua.

KAZI MBILI, JOTO MBALIMBALI

Kukipa kisu makali ya kudumu kuna kazi mbili. Watu wengi wanafanya moja wakadhani wamemaliza.

Kazi ya kwanza ni kukaza. Chuma kinapashwa moto mkubwa, halafu kinazimwa ghafula katika mafuta. Hapo kinakuwa kigumu sana. Lakini kinakuwa kigumu kama chupa. Kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika.

Kazi ya pili ni kulegeza. Chuma kile kinapashwa moto tena, lakini moto mdogo, ili kiache kuwa kama chupa. Kinapoteza ugumu kidogo, na kinapata nguvu ya kuvumilia mapigo. Panga linalokatika shambani mara nyingi halikulegezwa kabisa, au lilipata moto mwingi mno wakati wa kukazwa. Panga linalojikunja mara nyingi halikufika kwenye joto la kukazia, au lililegezwa kupita kiasi.

Joto tunalipima kwa digrii. Maji yanachemka kwa digrii 100. Kukaza kunataka kama digrii 780 mpaka 850, kufuatana na aina ya chuma. Kulegeza kunataka digrii 200 mpaka 300 tu. Tofauti ya digrii 50 inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

JICHO LINADANGANYA

Mafundi wa zamani walipima kwa rangi. Nao walikuwa na ujuzi mkubwa. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, huko Kagera, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma kama walivyoona ujanani. Wataalamu wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika habari zao mwaka 1978. Walieleza kwamba mababu wa eneo hilo waliweza kupata chuma kigumu tangu zamani sana, kwa kupitisha upepo katika mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuri. Upepo ule ulipata moto kabla haujafika kwenye makaa.

Kwa hiyo hatuwezi kuwadharau waliopima kwa jicho. Lakini fundi wa zamani alisimama kando ya mwalimu wake miaka mingi, katika kibanda kilekile chenye giza lilelile. Leo fundi anafanya kazi chini ya mwembe, saa sita mchana, jua la pwani likimulika. Chuma ambacho kivulini kinaonekana chekundu, juani kinaonekana cheusi. Fundi anaongeza upepo. Anaongeza tena. Anapouona wekundu, chuma kimeshapita kiasi.

Basi jambo la kwanza ni kuhamisha moto. Jenga kibanda, ezeka makuti, ziba upande wa jua. Fanya kazi ya kukaza asubuhi mapema au jioni. Halafu jifunze rangi hizi. Wekundu wa damu nzito ni kama digrii 600. Joto hilo halitoshi. Wekundu wa bibo jekundu lililoiva, linalong'aa, ni kati ya 750 na 800. Rangi ya papai bivu ni kama 900. Hapo umepita. Rangi ya ndizi mbivu ni zaidi ya 1,000. Hiyo ni ya kufulia chuma kwenye fuawe, si ya kukazia kisu.

Chuma kilichopita kiasi unaweza kukijua kikivunjika. Tazama mahali kilipovunjika. Kama pana punje kubwa zinazometameta kama sukari, kilipata moto mwingi. Kama pana rangi ya kijivu na ulaini kama wa majivu, joto lilikuwa sawa.

SUMAKU NA CHUMVI

Sasa tuje kwenye vipimo visivyobadilika kwa jua wala kwa umri wa macho ya fundi.

Tafuta redio mbovu. Fungua spika yake, ndani utakuta sumaku. Ifunge kwenye waya mrefu, uitundike karibu na moto, lakini si ndani ya moto. Chuma kikiwa baridi kinanaswa na sumaku. Kikifika kama digrii 770 hakinaswi tena. Si kwamba sumaku imeharibika. Chuma chenyewe kimebadilika. Kikipoa kitanaswa tena.

Kwa hiyo, kisu kikianza kuwa chekundu, kitoe kidogo na ukigusishe kwenye sumaku kwa haraka. Kikinaswa, kirudishe motoni. Jaribu tena baada ya muda mfupi. Usiache sumaku ikae juu ya chuma cha moto, maana sumaku nayo ikipata joto jingi inapoteza nguvu.

Kipimo cha pili ni chumvi ya jikoni. Chumvi safi inayeyuka kwa digrii 801. Chukua kipande kidogo cha chuma, weka juu yake chumvi kavu kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Kiweke motoni kando ya kisu chako. Wakati chumvi bado ni punje, hujafika 801. Ikigeuka kuwa maji yanayong'aa, umefika. Usitumie chumvi ya mawe iliyotoka shambani bila kusafishwa. Ina vitu vingine ndani yake, nayo huyeyuka mapema. Ikaushe kwanza, maana chumvi yenye unyevu inaruka ikipata moto.

Hapa ndipo penye siri yote ya kukaza, nayo ni rahisi kukumbuka. Kisu cha tupa kikaze baada ya sumaku kukiachia, lakini kabla chumvi haijayeyuka. Panga la springi lisubiri chumvi iyeyuke, kisha liongeze moto kidogo tu, rangi ing'ae zaidi ya hapo, ndipo ulitoe. Usilichelewe.

MOTO UWE SAWA MWILI MZIMA

Kipimo kizuri hakikusaidii ikiwa ncha ya kisu ina digrii 900 na mpini una 600. Ncha ni nyembamba, kwa hiyo hupata moto upesi. Moto wa makaa nao una mahali pakali, mbele ya mdomo wa mvukuto.

Fanya hivi. Tafuta bomba nene la chuma lisilopakwa zinki, kisu kiingie ndani yake. Lilaze katikati ya makaa, pande zote lifunikwe. Jenga matofali ya kuchoma kulizunguka ili joto lisitoke. Vuta mvukuto polepole mpaka bomba lote liwe na wekundu mmoja. Sasa ingiza kisu ndani ya bomba. Hakigusi makaa, hakipigwi na upepo, na unakiona vizuri kwa sababu ndani ya bomba mna giza. Hilo tayari ni tanuri, kaka. Fundi anayetumia feni ya kuzungushwa kwa gurudumu la baiskeli awe mwangalifu zaidi, maana feni hiyo inatoa upepo mwingi upesi. Moto ukizidi, acha kuzungusha. Ukipungua, zungusha kidogo. Subira ndiyo kazi yenyewe hapa.

Makaa ya vifuu vya nazi ni mazuri na yana moto mkali. Matawi ya mikorosho iliyopogolewa pia yanatoa makaa. Usikate mikoko. Mikoko inalindwa kwa sheria, na tangu mwaka 2000 sehemu kubwa ya pwani hii imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Wala usichome maganda ya korosho katika jiko la uhunzi. Mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. (Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, chini ya miguu yetu wenyewe, na mhunzi wa Msimbati bado anatafuta makaa. Lakini hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.)

KUZIMA KATIKA MAFUTA

Watu wengi wanazima chuma katika maji. Maji ni makali mno kwa springi na kwa kisu chembamba. Ukisikia sauti ndogo, "tii!", ujue chuma kimepasuka. Tumia mafuta. Mafuta ya ufuta au ya nazi yanafaa. Oili chafu ya gari inatumika sana, lakini moshi wake ni mbaya na haifai kugusa ngozi kila siku.

Tia mafuta katika kopo refu la chuma. Usitumie plastiki. Pasha kipande cha chuma chakavu moto, kitumbukize ndani, mpaka kopo kwa nje liwe na joto la kikombe cha chai. Mafuta ya vuguvugu yanapoza chuma vizuri kuliko mafuta baridi, kwa sababu ni mepesi na yanazunguka.

Sasa shika kisu kwa koleo refu. Kitumbukize kwa ncha, wima, bila kuyumba upande. Kikiingia kwa ubavu kitapinda. Mafuta yanaweza kuwaka juu. Usiogope, lakini uwe umejiandaa: mfuniko wa chuma uwe karibu, na ndoo ya mchanga. Usimwage maji kamwe juu ya mafuta yanayowaka. Maji yatarusha moto mpaka kwenye makuti ya kibanda na juu ya mwili wako. Watoto wakae mbali.

Kisu kikipoa, chukua tupa ujaribu makali. Tupa ikiteleza kama juu ya chupa, umefaulu. Tupa ikikwangua, joto halikufika. Rudia. Kama uliona umekipasha moto mno, usirudie mara moja. Kipashe mpaka sumaku ikiachie, kiache kipoe chenyewe hewani, ufanye hivyo mara tatu, ndipo ukikaze upya. Punje za ndani zitarudi kuwa ndogo.

KULEGEZA: SUKARI, MCHANGA NA TANURI LA MIKATE

Fanya kazi hii siku ileile. Usilaze kisu kilichokazwa mpaka kesho, maana kinaweza kupasuka chenyewe.

Sugua kisu kwa jiwe mpaka ubavu wake ung'ae kama kioo. Kikipata joto taratibu, rangi zitatokea juu ya mng'ao huo. Kwanza rangi ya mabua makavu ya mpunga. Hiyo ni kama digrii 205. Halafu rangi ya asali, kama 230. Halafu kahawia, 255. Kisha zambarau, kama 275. Mwisho buluu, 300. Kisu cha samaki na cha jikoni kiishie kwenye mabua ya mpunga. Patasi ya mchongaji iishie kwenye asali. Tezo na shoka viende mpaka kahawia au zambarau. Panga makali yake yafike zambarau na mgongo wake uwe buluu.

Lakini rangi hizi nazo zinabadilika kwa muda. Kisu kikikaa saa nzima katika digrii 205, rangi yake huwa nzito kidogo kuliko ya kisu kilichopita haraka. Kwa hiyo ni vizuri kuwa na kipimo kingine.

Hapo mwenye tanuri la mikate ni jirani mwema. Tanuri la mikate huwa na digrii kama 200 mpaka 230, yaani joto lilelile la kulegezea kisu. Mwombe baada ya mikate kutoka. Weka sukari kidogo juu ya kifuniko cha kopo, uingize ndani. Sukari huanza kuyeyuka karibu na digrii 185. Isipoyeyuka, tanuri limepoa mno. Ikiyeyuka na kuungua upesi, joto ni jingi, ngoja.

Kama hakuna tanuri, tumia sufuria nzito yenye mchanga mkavu. Iweke juu ya makaa machache. Mchanga unashika joto na kuligawa sawa. Kisu kikae juu ya mchanga, si chini karibu na moto. Hapa kipimajoto cha jikoni, kile cha saa chenye mshale kinachofika digrii 300, kinasaidia sana. Kichomeke kwenye mchanga kando ya kisu, kwa kina kilekile. Ukikiweka pembeni ya sufuria kitakuambia joto la pembeni, si la kisu. Tafadhali usichukue kile cha zahanati cha kupimia homa. Mwisho wake ni digrii 42, na kitapasuka mkononi mwako.

Kisu kikae humo saa moja. Kitoe, kipoe, kirudishe saa moja nyingine.

Panga ni refu, halitoshi katika sufuria. Kwa panga, pasha moto kipande kinene cha chuma mpaka kiwe chekundu. Kiweke chini, laza mgongo wa panga juu yake, ulisogeze mbele na nyuma bila kusimama. Rangi zitaanza mgongoni na kutembea kuelekea makali. Makali yakifika zambarau, litie panga majini ili rangi zisiendelee.

KIPIMO CHA WAYA MBILI

Viwandani hawatumii chumvi wala sumaku. Mwaka 1821 Thomas Seebeck, mtaalamu aliyekuwa Ujerumani, aliunganisha metali mbili tofauti na kupasha moto mahali zilipoungana. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikasogea. Baadaye ilifahamika kwamba joto lile lilitoa umeme mdogo. Kutokana na jambo hilo watu wametengeneza kipimo cha waya mbili, kiitwacho themokapo. Joto likizidi, umeme unazidi, na kisanduku kidogo kinaonyesha digrii kwa tarakimu. Kile cha kawaida kinapima zaidi ya digrii 1,000, na ncha yake unaweza kuiingiza ndani ya bomba kando ya kisu.

Fundi mmoja mmoja anaweza kuona ni ghali. Mafundi wanne au watano wakichanga watakimudu. Kuhusu mafunzo na vifaa, ulizeni ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, na chuo cha VETA mjini Mtwara. Nanyi mkikipata, kijaribuni kwanza kwa maji yanayochemka na kwa chumvi. Kipimo kibovu ni kibaya kuliko jicho, kwa sababu watu wanakiamini.

ANDIKA

Nunua daftari la mtoto wa shule. Kila ukikaza kisu, andika mistari michache. Mwandiko si lazima uwe mzuri. Kwa mfano:

"Kisu cha samaki. Tupa kuukuu. Sumaku imeachia, chumvi bado. Mafuta ya ufuta. Mchanga digrii 205, saa 1, mara 2. Makali yamekaa vizuri wiki tatu."

"Panga. Springi ya lori. Chumvi imeyeyuka, nikangoja kidogo. Mafuta. Mgongo buluu, makali zambarau. Mwenyewe amelirudisha. Ncha imejikunja."

Soma mistari ya pili tena. Makali ya katikati hayakujikunja, kwa hiyo joto la kukaza lilikuwa sawa. Ncha peke yake ndiyo laini. Ncha ni nyembamba, imepata moto upesi, ikapita zambarau mpaka buluu wakati fundi akitazama katikati. Safari ijayo aiache ncha nje ya kile chuma cha moto mpaka mwisho kabisa, na aweke kitambaa kibichi karibu cha kuipozea.

Na panga hili la sasa halikuharibika. Likazwe upya, ncha na yote.